Rada ya Mbuta: Unachoweza Kuuliza, Kusema na Kupost Ukienda Kuvua Homa Bay na Migori

Uko Mbita, saa kumi na mbili asubuhi. Mbogi yenu imeshuka na basi ya usiku kutoka Nairobi. Mko na rod tatu, cooler box, na dau la wikendi: mwenye atatoa mbuta mkubwa kuliko wote halipi kitu hadi Jumatatu. Mwenye boti anawaangalia tu, anafunga injini polepole. Halafu mmoja wenu anamvuta kando, anamdungia thao, anamnong'onezea: "Buda, leo wako wapi?"

Huyo ametumia akili ama ameiba game?

Hilo swali linakaa jepesi mpaka uone watu wakikosana nalo. Jibu lake pia si moja. Kuna sheria za mashindano, kuna sheria za serikali, na kuna sheria za dho wath, yaani pale ufuoni boti zinapotia nanga, ambazo hazijaandikwa lakini ukizivunja utajua hujui. Hapa tunazipitia zote, ndio ukienda usichome picha.

Kwanza, tutoe ujinga moja. Ziwa Victoria halina bass. Ukisikia msee akisema amevua bass Rusinga, anakubeba. Bass wa Marekani aliletwa Kenya mwaka wa 1929, akawekwa Ziwa Naivasha, na huko ndiko utampata. Huku Nyanza samaki wa kushindania ni mbuta, yule wanaita Nile perch kwa Kizungu, na ukoo wake uko karibu na barramundi wa Australia. Hata yeye si mwenyeji: aliwekwa ziwani miaka ya hamsini, upande wa Uganda, akala fulu wengi sana wa asili, akageuka kuwa biashara ya kwenda nje. Rekodi ya dunia ya mbuta aliyevuliwa kwa rod inayotambuliwa na IGFA ni kilo 104.32, na haikutoka kwetu, ilitoka Ziwa Nasser kule Misri mwaka wa 2000. Zamani hoteli za Rusinga na Mfangano zilikuwa zinaleta watalii kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara, wanavua asubuhi, wanarudi kuona simba jioni. Kwa hivyo kuvua kwa raha huku si kitu kipya. Kitu kipya ni wewe, simu yako, na ile pin ya location.

Mabeberu wa bass walitatua vipi

Mashindano ya bass Marekani si mchezo wa wazee wa kustaafu. Ray Scott aliandaa ya kwanza kubwa mwaka wa 1967, Beaver Lake, Arkansas, na kutoka hapo ikawa ligi yenye pesa nzito. Pesa ikiingia, maneno yanaanza. Shida yao kubwa haikuwa tu watu kuweka risasi kwenye tumbo la samaki ndio waongeze uzito, ingawa hiyo pia imetokea. Shida ilikuwa habari. Mshindani anafika kwa ziwa asilolijua, anamtafuta mwenyeji anayevua pale kila siku, anamlipa, anapewa alama zote za GPS. Mwingine hana hiyo pesa ama hajui mtu. Sasa hapo mnashindana kuvua ama mnashindana kwa contacts?

Ndio Bassmaster Elite Series ikaweka kitu wanaita "no information rule". Kwa ufupi, huruhusiwi kumwendea mwenyeji ama guide akuonyeshe samaki walipo katika maji ya mashindano, wala kununua alama za GPS. Lakini kile kila mtu anaweza kupata, kama ramani ya dukani ama video iliyo wazi kwa umma, hicho ni sawa. Angalia huo mstari walivyouchora. Hawakusema usijue kitu. Wamesema usijue kitu ambacho mwenzako hangeweza kukipata.

IGFA wao wanaangalia mkono zaidi ya sikio. Samaki akishashika ndoano, mtu mwingine akigusa rod yako huyo samaki hahesabiki kwa rekodi, hata kama ulimpigania masaa. Hii ikumbuke, kwa sababu kwa boti za Mbita baharia atakuonea huruma mkono ukianza kutetemeka, na atataka kukusaidia kabla hujamwomba.

Ukileta hizo sheria zote huku vile zilivyo, zitakwama siku ya kwanza. Kule Marekani mwenyeji ni mtu wa pembeni, mshindani ana boti yake mwenyewe na mashine za kuona chini ya maji. Huku mwenyeji ndiye boti, ndiye injini, ndiye mashine. Huwezi kuvua mbuta bila habari ya mwenyeji, hata ukitaka.

Hiyo habari ni ya nani?

Watu wa Nairobi hapa ndipo tunateleza. Tunadhani spot ni kitu cha Mungu, iko tu, mwenye kuijua aseme. Muulize jaduong' yeyote aliyevua miaka thelathini vile anajua mahali pake. Atakuonyesha mgongo wa milima ya Gwassi, akuonyeshe mti ama mwamba wa kisiwa, akwambie hivyo viwili vikikaa mstari mmoja, uko juu ya mawe. Hiyo ni ramani, na aliilipia kwa mafuta, usiku wa baridi, na nyavu alizopoteza.

Nyavu kuibwa si hadithi. Mvuvi anatega nyavu jioni, anaziacha majini, anarudi alfajiri. Katikati ya hapo kinachozilinda ni giza na watu kutojua ziko wapi. Nyavu zikienda, inaenda mtaji, na mara nyingi ule mtaji ni deni la mtu mwingine. Kwa hivyo ukirekodi video fupi, "guys, tuko hapa mbele ya Takawiri, angalieni haya maboya," umewaonyesha wezi njia. Hukukusudia. Mwenye nyavu hataenda kwa nia yako, ataenda kwa boya lililokatwa.

Mbuta pia ana kitu kinachofanya watu wakose usingizi: mabondo, ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwake. Unakaushwa, unauzwa China, na kwa kilo una bei inayoacha nyama mbali sana. Habari ya mahali mbuta wakubwa wako ni habari ya mahali pesa iko. Mwenye boti akikwambia "leo hakuna samaki" na unaona anacheka na jicho moja, msamehe. Wewe pia huwezi tangaza PIN yako ya M-Pesa stage.

Omena ni hesabu nyingine. Wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, na mwezi ukiwa mkubwa taa inashindwa kazi kwa sababu ziwa lote lina mwanga. Kwa hivyo siri ya omena haiko sana kwa mahali, iko kwa kalenda, na kalenda ya mwezi kila mtu anaiona juu. Ndio maana wavuvi wa omena watakuongelesha vizuri, wa mbuta watakuangalia mara mbili.

Kuna spot moja isiyo siri na bado usiiguse: vizimba vya kufugia ngege, vile utaviona vimejipanga karibu na Rusinga, Mfangano na ufuo wa Suba. Chakula kinamwagika, samaki wa nje wanakusanyika kukila, na kila mwenye ndoano anajua. Kuna walinzi, kuna boti za doria, na ukiwa umekaa hapo saa nane usiku na rod mkononi utajieleza kwa lugha zote unazojua.

Sheria zilizoandikwa

Kila ufuo unaotambuliwa una BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo. Zilipewa nguvu na kanuni za mwaka wa 2007, na sheria kubwa ya uvuvi ni ile ya 2016. BMU haina wenye boti peke yao: mabaharia wanaotoka na boti wana viti, wachuuzi wa samaki wana viti, na wanawake lazima wawemo. Hao ndio wanajua boti gani ni ya wapi, nani ameingia, nani ametoka. Boti ngeni ikitokea bila kujitambulisha inachukuliwa kama ya mwizi mpaka ithibitike vingine. Kwa hivyo ukifika Sindo, Nyandiwa, Sori ama Muhuru Bay, kabla ya kuulizia mbuta, ulizia mwenyekiti wa BMU. Salimia, sema mmetoka wapi, mnalala wapi, mtarudi saa ngapi. Uvuvi wa michezo pia unahitaji leseni. Ofisi ya uvuvi ya kaunti itakwambia unayotakiwa kulipa, na udai risiti.

Vipimo uvijue kwa kichwa. Mbuta chini ya sentimita 50 anarudi majini, hata kama ndiye peke yake mmeshika siku nzima. Ngege chini ya sentimita 25 vilevile. Msimu wa kufunga omena ni Aprili hadi Julai. Nyavu za monofilament, zile za uzi mmoja unaong'aa, haziruhusiwi, wala nyavu za kukokota kutoka ufuoni. Wewe umekuja na rod, sawa, lakini ukipanda boti iliyobeba nyavu haramu, ukishikwa hamtaulizwa nani ni mgeni.

Na kuna mahali ambapo kujua ni kujua usiende. Midomo ya mito, kama pale Kuja unapoingia ziwani Nyatike, ndipo samaki wanazaa. Samaki wako pale kweli, tena wakubwa. Mtu akikuuzia hiyo spot hajakuuzia siri yoyote, amekuuzia kesi.

Migingo, na mstari usioonekana

Migori ina ziwa tofauti kidogo na Homa Bay. Kule Winam, ndani ya ghuba, unaona nchi kavu pande zote. Ukitoka Muhuru ama Sori kwenda nje, unaingia maji makuu, na mwendo wa kama masaa mawili kwa boti ya injini unafika Migingo: mwamba wa kama nusu ekari uliojaa mabati, baa, kinyozi, na wavuvi wa nchi tatu. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili lote. Uganda na Tanzania zimegawana zilizobaki. Hesabu hiyo ndiyo chanzo cha vurugu zote, kwa sababu mbuta amehamia maji marefu na sisi maji marefu hatuna mengi.

Mwaka wa 2009 kelele ya Migingo ilifika hadi kwa marais. Museveni alikubali mwishowe kwamba kisiwa ni cha Kenya, lakini akashikilia kwamba maji yanayoanza kama mita 500 magharibi yake ni ya Uganda. Mita mia tano! Hiyo ni kama kutembea kutoka Archives hadi Kencom ukirudi mara mbili. Majini haina ukuta wala rangi. Injini ikizima na upepo ukawasukuma, mmevuka mpaka mkiwa mmeketi. Wavuvi wa Kenya wameshikwa mara nyingi upande ule, wakanyang'anywa samaki, injini, hata boti, na kurudi nyumbani kumewagharimu.

Sasa rudi kwa yule rafiki yako wa thao. Akiuziwa location iliyo nje ya Migingo na mtu ambaye haendi naye, hajui kama ni maji ya nani. Habari bila mwenye habari ndani ya boti ni hatari kuliko kutojua kabisa. Mimi sheria yangu ni hii: pin ya mtu asiyepanda boti siifuati. Mtu akiwa na uhakika na spot yake, apande tuende.

Zile habari ambazo kuficha ni ubaya

Siri ya spot, sawa, mtu akae nayo. Lakini kuna rada haina mwenyewe. Upepo umegeuka. Wingu jeusi linatoka upande wa Mfangano. Gugumaji limesukumwa usiku na kufunga njia ya Kendu Bay ama gati ya Homa Bay, na ukiingia ndani yake propela inajifunga mpaka uivue kwa mikono. Boti fulani haijarudi. Hizi hata mahasimu wanaambiana, kwa simu ama kwa kupiga kelele boti kwa boti. Kama mnashindana, andikeni kabisa mwanzoni kwamba habari ya usalama haihesabiki kama kusaidiwa. Msee asije akanyamazia dhoruba eti analinda kura yake.

Bei nayo? Hapa nina maoni, na si wote ufuoni watakubaliana nami. Bei ya samaki haifai kuwa siri. Yule mama anayesubiri na beseni tangu saa kumi usiku hajui boti itatua wapi wala broker amepiga simu kutoa ngapi. Kutojua huko ndiko kunamfanya awe wa kuamuliwa, na wote tunajua jaboya ni nini: samaki kwa masharti ya kitandani. Wanawake walioanza kumiliki boti zao wenyewe, kama kikundi cha No Sex for Fish kule Nduru upande wa Kisumu, walijaribu kukata hiyo kamba kutoka mwanzo: ukiwa na boti, habari inakuja kwako kwanza. KMFRI nayo ilishawahi kuweka mfumo wa kutuma bei za samaki kwa SMS, mtu aulizie kabla ya kuuza.

Na kuna ushahidi kwamba inasaidia. Kule Kerala, India, mchumi Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa sadini simu zilipoingia kati ya 1997 na 2001. Kabla ya simu, ufuo mmoja samaki wanatupwa, wa pili wanunuzi wanarudi na beseni tupu. Baada ya simu, faida ya wavuvi ikapanda kama asilimia 8 na bei kwa mnunuzi ikashuka kama asilimia 4. Samaki walewale, bahari ileile. Kilichobadilika ni nani anajua nini.

Basi mkiweka dau, wekeni hivi

Mkae chini kabla ya kupanda, si baada ya mtu kushinda. Kama boti ni mbili, pigeni kura nani anapanda ipi, kwa sababu manahodha hawalingani na mnajua. Nahodha achague mahali, awapeleke wote wa boti yake palepale, na mtu asimlipe kando. Mnachompa nahodha kiwe sawa kwa boti zote mbili na kitajwe mbele ya watu, mafuta yakiwa yake peke yake na mshahara peke yake. Tip ya ushindi msiweke. Ukimwambia "tukishinda nakuongeza," umemgeuza mwamuzi wako kuwa mchezaji, halafu unashangaa boti ya pili imepelekwa kwa matope.

Maswali yaulizwe wazi, usiku wa kabla, wote wakiwa hapo: maji ya wapi, kina gani, chambo gani, tusiende wapi. Baada ya hapo simu kwa binamu aliye Remba ama Ringiti ni kuchoma. Video ya YouTube iliyo wazi kwa wote ni halali yako, hakuna atakayekulaumu kwa kusoma. Kila mtu apigane na samaki wake mwenyewe mpaka afike kando ya boti. Baharia anaweza kumwinua.

Post unaweza post, hatujasema usiringe. Zima location kwa simu kabla hujapiga picha, na upige ukiangalia samaki na maji tu, bila kilima nyuma yako. Wenyeji watasoma kile kilima haraka kuliko Google Maps. Subiri urudi nchi kavu. Mwulize nahodha, "naweza kusema tulikuwa upande gani?" Akisema sema "Homa Bay" tu, sema Homa Bay tu. Watu wa maoni watakuita mchoyo. Wacha waite.

Jamaa mmoja wa mbogi yetu alipost na pin yake, mwaka juzi. Hatukuibiwa kitu, hakuna boti ilipotea. Tuliporudi Desemba tu, nahodha yuleyule alitusalimia vizuri, akauliza habari za Nairobi, akatupeleka mahali tofauti kabisa, tukakaa masaa sita bila kuguswa hata mara moja. Alilipwa pesa yake kamili. Hatukuwa na la kusema.

Mkitua, msikimbilie kuchoma samaki. Pelekeni kwa mizani ya BMU mkapimiwe hapo, mbele ya watu, mbuta wa dau na wale wadogo wote. Karani ana kitabu: boti gani, samaki gani, kilo ngapi. Hizo ndizo namba zinazojumlishwa kujua kama ziwa lina samaki ama limeisha, na kilo zenu za wikendi pia zimo. Akiuliza mmevua wapi, mwachieni nahodha ajibu.